Ulimi Ulijuaje Habari za Bandama?

Wasomaji wanauliza, tunajibu

Tumepokea barua kadhaa kuhusu matabibu wa Kichina wanaosoma ugonjwa kwenye ulimi. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake yamo maswali ya wengine wengi.

Swali (kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro):

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka 34. Kwa miezi mitano nimekuwa nikichoka kupita kiasi, nikipanda ngazi moyo unadunda na miguu inakuwa mizito. Mwenzangu wa kazini akanishauri niende Dar es Salaam kwa tabibu wa Kichina. Aliniomba nitoe ulimi, akautazama kidogo, akaniambia niupandishe juu ili aone chini yake, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kisha mkalimani wake akaniambia kuwa nina upungufu wa damu, bandama langu ni dhaifu, na mwili wangu una unyevu mwingi. Alinionyesha kwenye kioo alama za meno pembeni mwa ulimi. Nilipewa pakiti za dawa za unga za mwezi mzima. Mama aliposikia habari ya bandama alianza kulia, kwa sababu mdogo wake alifariki akiwa na bandama lililovimba. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini naomba kujua kama kuna elimu yoyote ya mwili katika jambo hili, au nimepoteza nauli yangu. Na ulimi ulijuaje habari za bandama?

Jibu:

Mwalimu, pole sana kwa uchovu huo. Kabla ya yote, mfikishie mama neno moja litakalomtuliza: bandama alilolitaja tabibu yule silo lile lililovimba kwa mdogo wake. Katika maandiko ya zamani ya tiba ya Kichina, hasa Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, jina pi hutaja kundi la kazi za mwili, yaani kukigeuza chakula kuwa nguvu na damu, kuyasukuma maji yasituame, na kuizuia damu isivuje nje ya mishipa yake. Wafasiri wa Ulaya walipotafuta neno la kuifasiri pi, walichukua jina la kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, na mkanganyiko huo ukatufikia sisi pia. Bandama tunalolijua, ambalo huchuja chembe nyekundu za damu zilizozeeka na ambalo huvimba kwa malaria ya mara kwa mara au kwa kichocho cha tumbo, ni kitu kingine. Tabibu wa Kichina akisema pi ni dhaifu, kwa kawaida anamkusudia mtu anayechoka, asiye na hamu ya kula, mwenye choo laini na viungo vizito. Hakuliona bandama lako kwenye ulimi, wala hakuna njia inayojulikana ya kuliona hapo. Anayetaka kujua kama limevimba atakupapasa tumbo au atakupeleka kwenye kipimo cha ultrasaundi.

Nauli yako, hata hivyo, haikupotea. Neno la upungufu wa damu lina mizizi katika mwili, kwa sababu ulimi ni mojawapo ya sehemu chache ambapo damu ya mtu huonekana karibu bila pazia. Ni misuli mitupu iliyofunikwa na utando mwororo, na damu huufikia kwa wingi kupitia mshipa unaochepuka kutoka kwenye ateri kubwa ya shingoni. Ukitaka kuuona muundo wake kwa macho yako, simama mbele ya kioo karibu na dirisha asubuhi, uipake ncha ya ulimi tone moja la rangi ya buluu inayotiwa kwenye keki. Utaona rangi imeshika kwenye vichomozo vidogo sana vilivyosongamana kama nyuzi za zulia, na katikati yake zimebaki nukta za mviringo za waridi ambazo rangi haikuzishika. Vile vilivyosongamana huitwa papila zenye umbo la uzi. Hazina kazi ya kuonja, na ncha zake zimekazwa kwa keratini, ile ile inayojenga kucha. Zile nukta za waridi ni papila zenye umbo la uyoga, ambazo hubeba vionja ladha na zina vijishipa vingi vya damu chini ya ngozi nyembamba.

Kutokana na hizo mbili tu tunaweza kueleza sehemu kubwa ya yale ambayo tabibu wa Kichina anayatazama. Yeye hugawa ulimi katika mambo mawili: mwili wa ulimi, yaani rangi, umbo na mwendo wake, na utando ulio juu yake. Rangi ya mwili wa ulimi hutoka kwenye damu iliyo ndani ya vijishipa vile, na hutegemea pia unene wa tabaka linaloifunika damu hiyo. Utando ni mchanganyiko wa keratini, seli zilizokufa, bakteria, mabaki ya chakula na ute wa mate. Vitabu vya Kichina husema ulimi wa mtu mwenye afya una wekundu hafifu na utando mweupe mwembamba, na ndivyo ambavyo mtu mwenye elimu ya tishu angeutarajia: damu ya kutosha chini, keratini kidogo juu. Waliotangulia walifika hapo kwa kutazama ndimi nyingi kwa uangalifu mkubwa, bila darubini, na mimi naona ni haki kuwapa heshima yao kabla ya kuwahoji.

Sasa tuje kwenye damu. Hemoglobini, yaani wekundu wa damu unaobeba oksijeni, ikipungua, ulimi hupauka, kama ambavyo viganja na ndani ya kope la chini hupauka. Lakini ulimi una jambo la ziada. Seli za utando wake huzaliwa chini, hupanda juu na kung'oka katika muda mfupi, na hata seli za kuonja ladha huishi siku kama 10 tu. Mwili unapokosa madini ya chuma, asidi ya foliki au vitamini B12, ambavyo seli huvihitaji ili zigawanyike na kukomaa sawasawa, sehemu zinazojijenga upya kwa kasi ndizo zinazoonyesha pengo mapema. Papila zenye umbo la uzi husinyaa kwanza, zile za uyoga hufuata, na ulimi hubaki laini, unang'aa, unawaka ukiguswa na pilipili au chai ya moto. Wachina huuita ulimi wa namna hiyo ulimi wa kioo, na husema kuwa umajimaji unaolisha tumbo umekauka. Daktari wa hospitali huandika kuwa papila zimesinyaa kwa upungufu wa vitamini au madini. Wanakiona kitu kile kile, ila mmoja wao anaweza kukipima kwenye damu na kujua ni kipi hasa kinachokosekana, na kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa mno, maana sindano ya B12 haimsaidii aliyepungukiwa na chuma.

Rangi ya zambarau nayo ina maelezo. Wachina huifasiri kuwa ni damu iliyotuama. Katika wodi zetu, ulimi unaokuwa wa buluu ni dalili ya hatari ambayo kila daktari amefundishwa kuitafuta, kwa sababu huonyesha kuwa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini imepungukiwa na oksijeni. Kwa kawaida buluu hiyo huonekana pale hemoglobini isiyo na oksijeni inapofikia gramu 5 hivi katika desilita ya damu. Kwa sababu hiyo hiyo mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kukosa oksijeni na ulimi wake usiwe wa buluu, kwani hana hemoglobini ya kutosha kuutia rangi. Mishipa ile ya chini ya ulimi, ambayo tabibu alikuomba umwonyeshe, huvimba na kuwa myeusi kadiri mtu anavyozeeka, na mara nyingi haina maana zaidi ya umri.

Ningependa tukae kidogo kwenye homa, kwa kuwa hapo ndipo usomaji wa ulimi ulipokomaa. Mwaka 1341, enzi ya watawala wa Yuan, mwanazuoni Du Ben aliipanua kazi ya mtangulizi wake aliyeitwa Ao, iliyokuwa na michoro 12 ya ndimi za wagonjwa wa homa, akaifikisha michoro 36. Karne kadhaa baadaye Ye Tianshi wa Suzhou, aliyeishi kati ya 1667 na 1746, alieleza namna ulimi unavyobadilika homa inapozidi: utando mweupe huwa wa njano, kisha hukauka na kuwa wa kahawia au mweusi, huku mwili wa ulimi ukizidi kuwa mwekundu. Hakukuwa na kipimajoto cha kuwekwa kwapani, kwani hicho kilianza kuenea hospitalini baada ya katikati ya karne ya 19, na mtu aliyeugua siku ya saba hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha kuwa anaelekea wapi.

Maelezo ya kibiolojia ya mfuatano huo hayana mafumbo. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na mate hayo, pamoja na kutafuna, ndiyo yanayousafisha ulimi. Mgonjwa wa homa hali, hatafuni, anapumua kwa mdomo, na maji yake yanapotea kwa jasho. Keratini inabaki bila kung'oka, bakteria wanaongezeka, utando unanenepa na kushika rangi ya chochote kinachopita. Akiendelea kupoteza maji, ulimi unakauka kabisa na kupasuka. Ni kweli basi kwamba utando mkavu wa kahawia juu ya ulimi mwekundu ulikuwa habari mbaya, na ni kweli hata leo. Waliouguza mgonjwa wa taifodi huenda wanaukumbuka ulimi wake, mzito kwa utando katikati na mwekundu kwenye ncha na kingo. Lakini angalia kinachopimwa hapo ni nini. Ni maji, chakula, mate na muda wa ugonjwa, na mambo hayo manne ni ya magonjwa mengi sana. Ulimi unaweza kusema mtu huyu anaugua na amekauka, ila haujui kama ni taifodi, malaria au nimonia.

Turudi kwako, Mwalimu. Alama za meno pembeni mwa ulimi, ambazo tabibu alizieleza kwa unyevu, hutokea pale ulimi unapokuwa mnene kuliko nafasi yake au unapokandamizwa kwenye meno. Watu wengi wenye afya wanazo, hasa wanaokaza meno usingizini. Lakini ulimi huvimba pia tezi ya shingoni, yaani thairoidi, inapofanya kazi kwa uvivu, na tezi hiyo ikilala mtu huchoka, huhisi baridi, huongezeka uzito na hupata choo kigumu. Umeandika kuwa umechoka miezi mitano. Upungufu wa damu unaweza kukufanya hivyo, na thairoidi inaweza pia. Ulimi wako umezitaja zote mbili bila kuchagua.

Kwa hiyo nenda kwenye kituo cha afya upime hemoglobini. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Usiridhike na daktari anayekutazama kope tu, kwa sababu weupe wa macho, viganja na ulimi hukosa kuonekana mara nyingi upungufu unapokuwa wa wastani. Ikithibitika, omba itafutwe sababu yake: hedhi nzito, ulaji, vidonda vya tumbo vinavyovuja, au minyoo ya safura, ambayo wazee wetu waliijua vizuri hata jina lake likawa jina la kupauka kwenyewe. Omba pia kipimo cha thairoidi. Pakiti za dawa zibebe zote, pamoja na karatasi zake, umwonyeshe daktari kabla hujaendelea kuzitumia, kwani baadhi ya mimea hugombana na dawa za hospitali na mingine huumiza figo au ini.

Neno la mwisho kwako ni hili. Tafiti zilizowapa matabibu kadhaa wa Kichina ndimi zile zile wazitazame, kila mmoja peke yake, zimeonyesha kuwa mara nyingi hawakubaliani, na wakati mwingine tabibu yule yule hakubaliani na alichokisema mwanzo. Hiyo ndiyo sababu China leo inatengeneza mashine zenye kamera na taa ya mwanga maalumu za kupima rangi ya ulimi, na programu za kompyuta zinazofunzwa kwa picha nyingi. Naziona ni juhudi za kweli. Hata hivyo, mashine inayopima rangi kwa usahihi bado inahitaji mtu athibitishe kuwa rangi hiyo inamaanisha ugonjwa unaodaiwa, na uthibitisho huo hutafutwa ugonjwa mmoja mmoja.

Swali (kutoka kwa mwanafunzi wa uuguzi, Unguja):

Mheshimiwa Mhariri, huku kwetu madaktari wa Kichina wamekuwa wakija kufanya kazi tangu 1964, na wengi tumezoea kusikia habari za sindano na dawa zao. Nimeona mchoro unaoonyesha ulimi umegawanywa: ncha ni ya moyo na mapafu, kingo ni za ini na nyongo, katikati ni tumbo na bandama, na shina ni figo, kibofu na utumbo. Je, kuna mishipa ya fahamu inayounganisha sehemu hizo na viungo hivyo?

Jibu:

Hapana, na swali lako ndilo linalotenganisha sehemu iliyo imara ya elimu hii na ile isiyo imara. Theluthi mbili za mbele za ulimi huhisi mguso kwa tawi la mshipa wa fahamu wa tano wa kichwa, na huonja kwa tawi la mshipa wa saba. Theluthi ya nyuma ni ya mshipa wa tisa. Sehemu ndogo kabisa ya chini, karibu na koo, ni ya mshipa wa kumi, na misuli karibu yote huendeshwa na mshipa wa kumi na mbili. Mshipa wa kumi ni kweli unashuka mpaka moyoni, mapafuni na tumboni, na wapo wanaoushika kama ushahidi, lakini kwenye ulimi hauna kona ya moyo wala kona ya tumbo.

Ukifuata jinsi ulimi unavyoumbika katika mimba, pia hukuti ini wala figo. Kiungo ambacho kwa hakika kilianzia kwenye ulimi ni thairoidi. Tezi hiyo huanza kama kichipukizi nyuma ya ulimi, katika kijishimo kidogo kinachobaki hapo maisha yote, kisha hushuka shingoni. Mchoro ungefuata miili yetu, shina la ulimi lingeandikwa thairoidi, lakini limeandikwa figo.

Chukua mfano mmoja utakaoukuta kazini. Wapo watu wanaopata bato jekundu lisilo na papila katikati ya ulimi, kuelekea nyuma. Kwa mchoro wa Kichina, hapo ni tumboni. Mara nyingi chanzo chake ni fangasi wa kandida waliojijenga mahali hapo, hasa kwa wavutaji sigara, kwa wenye pumu wanaotumia dawa ya kuvuta yenye steroidi bila kusukutua, na kwa wenye kinga dhaifu. Anayemtibu tumbo mgonjwa huyo atamchelewesha, na kama mgonjwa hajawahi kupima virusi vya ukimwi, atakuwa amemnyima nafasi ya kujua mapema.

Usidhani kuwa kosa la kuchora ramani ulimini ni la Wachina peke yao. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwa utamu huonjwa kwenye ncha na uchungu nyuma. Ramani hiyo ilitokana na kazi ya Mjerumani D. P. Hänig ya mwaka 1901, aliyeona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Marekani alichora upya matokeo hayo kwa namna iliyofanya tofauti ndogo zionekane kama mipaka. Mwaka 1974 Virginia Collings alirudia kupima, akakuta tofauti zipo lakini ni ndogo mno. Leo inajulikana kuwa kila sehemu yenye vionja ladha huonja ladha zote, na bado mchoro ule umo katika vitabu.

Kuna dalili moja ambayo Wachina waliiona sawasawa na ambayo wewe kama muuguzi hutakiwi kuikosa. Mtu akitoa ulimi nao ukaenda upande mmoja ghafla, hasa kama mdomo umepinda au mkono umelegea, huo ni mshipa wa fahamu au ubongo. Wao hukiita kiharusi kupigwa na upepo, jina ambalo halitawashangaza watu wa pwani. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo.

Swali (kutoka kwa msomaji, Mombasa):

Nina madoa ya kahawia iliyokolea kwenye ulimi tangu utotoni. Nimesoma katika mtandao kuwa ulimi mweusi kwa Wachina ni ishara ya figo kuchoka na kifo kukaribia. Nimekosa usingizi kwa siku kadhaa.

Jibu:

Lala, ndugu yangu. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana melanini kwenye ulimi na ufizi, wakati mwingine kwa mabaka, wakati mwingine kwa nukta nyeusi kwenye zile papila za uyoga, na hali hiyo si ugonjwa. Vitabu vya Kichina viliandikwa kwa kutazama ndimi za Wachina, ambazo kwa kawaida hazina madoa hayo, na vinapotaja weusi mara nyingi vinakusudia utando mweusi mkavu wa mgonjwa wa homa kali, si rangi ya kuzaliwa. Huu ni upungufu mkubwa wa kuichukua elimu ya mahali pamoja na kuitumia kwingine bila kuuliza, na napenda kila tabibu anayefungua duka Mombasa au Dar es Salaam alijue.

Ipo hali nyingine inayoitwa ulimi mweusi wenye nywele. Papila zenye umbo la uzi, ambazo kwa kawaida hazifiki milimita 1, hurefuka kupita milimita 3 na kushika rangi. Huwapata zaidi wavutaji wa tumbaku, wanywaji wa kahawa na chai kali, na watu waliotumia antibiotiki, na kwa kawaida hupona sababu ikiondolewa na ulimi ukisuguliwa. Wachina wa zamani walijua pia udanganyifu wa chakula: utando uliopakwa rangi na mlo wana jina lake, na tabibu makini humuuliza mgonjwa amekula nini kabla ya kusema lolote. Mla tambuu anaelewa hapo.

Doa linalohitaji daktari ni jipya, linalokua, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili hadi tatu, au baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa, hasa kwa anayetafuna tumbaku au tambuu. Hayo usiyasubirie ulimi wala nyota.

Swali (kutoka kwa mama wa watoto wawili, Arusha):

Mwanangu ana mabaka mekundu yenye ukingo mweupe kwenye ulimi, na yanahama kila wiki. Je, nimsugue ulimi kwa brashi na dawa ya kusukutua kabla ya kumpeleka kwa daktari?

Jibu:

Usimsugue, wala usimpake kitu. Ulimi wa ramani, kama unavyoitwa, hutokea pale papila zinaponyauka mahali na kuota tena kwingine. Haumwambukizi mtu na hauhitaji tiba, ila mwache asile vinavyomchoma. Anayekwenda kuonyesha ulimi wowote, kwa daktari au kwa tabibu, asiukwangue siku hiyo, asinywe chai wala kahawa kabla, akae kwenye mwanga wa mchana, na autoe kwa ulegevu kwa sekunde chache tu. Ulimi uliokazwa kwa muda hubana mishipa inayorudisha damu na kuwa mwekundu zaidi, kisha wa zambarau, na anayeutazama atasoma juhudi yako akidhani ni ugonjwa.

Kuhusu dawa ya kusukutua, kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Nyuma ya ulimi wanaishi bakteria wanaoigeuza naitreti iliyomo kwenye mchicha na mboga nyingine za majani kuwa naitraiti. Tukiimeza, mwili huitumia kutengeneza naitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Watu waliotumia dawa kali ya kuua vijidudu mdomoni kila siku walipimwa, na shinikizo lao la damu likaonekana kupanda kidogo. Kwa hiyo kwa mtu asiye na ugonjwa wa fizi, na ambaye daktari wa meno hajamwandikia, brashi na maji vinatosha, na mchicha wa jioni uendelee.